Kadi ya Picha, Kadi ya Sauti

Mimi ni mtu wa kuchagua. Mama alikuwa hapendi kwenda nami sokoni, kwa sababu nyanya nilizigeuza moja moja mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nataka kuziposa. Kitambaa nitakishika, nitakivuta, nitakitoa nje juani nione rangi yake halisi, halafu nitaondoka bila kununua. "Mchagua jembe si mkulima," mama alikuwa akiniambia, nami nikimjibu kwamba asiyechagua jembe atalima na mpini. Nilijiona mjanja sana. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu yote niliyomtendea kaka yangu yalitoka hapo, kwenye tabia ambayo nilikuwa nikijisifia.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa amerudi nyumbani Lurambi kutoka Nairobi, alikofanya kazi katika duka la kompyuta. Alianza kwa kubeba maboksi na kupangusa vumbi, akaishia kuwa ndiye anayefungua mashine zilizokufa na kuziwasha tena. Alirudi na sanduku moja na mwili uliobaki mifupa. Tuliambiwa amekuja kupumzika. Hakuna aliyeuliza anapumzikia nini.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa mjini Kakamega katika ofisi ndogo ya kutaipu, na huko nilijua zaidi ya nilivyotaka kujua. Zamani tulikuwa tunachapa mitihani ya shule na barua za kuomba kazi. Miaka ile kazi kubwa ilikuwa ratiba za mazishi. Vijana, vijana, vijana. Kila wasifu ulikuwa na maneno yaleyale, "baada ya kuugua kwa muda mfupi," hata kama mtu aliugua miaka miwili, na vidole vyangu vilikuwa vimeyazoea hata sikuhitaji kuyatazama. Siku nilipomwona kaka akishuka kwenye gari, ameshikilia mlango kwa mikono miwili, maneno hayo yalinijia yenyewe. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa.

Aliwekwa kwenye simba yake, ile nyumba ndogo ambayo kwetu kijana hujengewa akishatahiriwa. Wiki ya kwanza watu walikuja kumwona. Walisimama mlangoni, wakasalimu kwa mulembe, wakakataa chai, wakakumbuka kwamba wameacha ng'ombe njiani. Wiki ya pili walikuja wachache. Vijana aliokuwa akikimbia nao nyuma ya mafahali, zile Jumamosi za fahali kupigana kule Malinya, walipita barabarani na ngoma zao za isukuti, wakampungia mkono kutoka mbali, naye akawapungia akiwa ameketi kizingitini. Kufika mwezi wa tisa alikuwa anashinda peke yake kutoka saa moja asubuhi, nikienda kazini, mpaka jioni nikirudi. Mama alikuwa shambani na kwenye ng'ombe, akimpitishia uji katikati. Mtu aliyezoea kelele za mji alikuwa anaishi na ukuta.

"Dada," aliniambia jioni moja, "hii ukuta itaniua kabla ugonjwa haijafika."

"Sasa unataka nini? Tupake rangi?"

"Nataka kompyuta."

"Ya nini? Ya kutaipu wasifu yako?"

Iliponyoka. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, hutangulia kichwa. Lakini kaka alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akacheka tena, kwa sababu nilikuwa mtu wa kwanza tangu arudi kusema kitu kama hicho mbele yake.

"Ya kucheza mpira," akasema. "Mimi na wewe."

Akanieleza kwamba kule dukani, mwenye duka akishaondoka, wao wafanyakazi walikuwa wanachezanga mpira kwenye kompyuta, watu wawili kwenye kibodi moja, mmoja huku na mwingine huku, na kwamba hakuna aliyewahi kumfunga. Alisema hivyo kwa majivuno ambayo sikuwa nimeyaona usoni kwake tangu utotoni. Kununua mashine nzima hatungeweza hata tungeuza ng'ombe. Lakini mashine, akasema, si kitu kimoja. Ni vitu tisa, na kila kimoja kinapatikana kikiwa kimetumika, ukijua cha kuangalia. Alikuwa na akiba kidogo, nami nilikuwa na mshahara. Kibodi na mchezo wenyewe alikuwa amerudi navyo kwenye lile sanduku lake. Akaomba daftari.

Ile karatasi naikumbuka kuliko cheti changu cha shule. Alinieleza kila kitu kama anayemfundisha bibi harusi kupika. Madabodi, ule ubao ambao vitu vyote vingine huchomekwa: angalia kama umepasuka pembeni. Prosesa: ya zamani inatosha, usidanganywe na mpya. Memori: nunua mbili za pacha, ukichanganya zitagombana. Kisanduku cha umeme: "Usisome imeandikwa nini. Inua na mkono. Ile nyepesi ni ya uwongo." Diski kuu: iweke sikioni ikiwaka, ikigonga iache. Skrini: zile za kutoka benki zimebaki na alama za maandishi kwenye kioo, utakuwa unacheza mpira juu ya majina ya wenye akaunti. Kasha la kutilia vyote: lolote, hata lenye kutu. Kadi ya picha: yoyote inayofanya kazi. Na ya mwisho, kadi ya sauti, pamoja na spika zake. Hiyo aliipigia mistari miwili chini.

"Hii usinipunguzie," akasema. "Mpira bila kelele ya watu ni mazoezi."

Nyuma ya soko la Kakamega palikuwa na fundi wa redio aliyekuwa ameanza kuleta vipande vya kompyuta kutoka ofisi za Nairobi zilizobadilisha mashine zao. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kuita kila mwanamke madam. Nilimtesa. Nilinyanyua visanduku vyake vya umeme vyote, kimoja baada ya kingine, kisha nikarudia. Nilikaa na diski kuu sikioni mpaka wateja wengine wakaanza kunicheka. "Madam, hii iko sawa, chukua tu," alikuwa ananiambia, nami namwambia kwamba kauli ya muuzaji si cheti. Kwa Jumamosi mbili nilipeleka nyumbani vitu saba, na kaka alivigeuza kitandani kimoja kimoja akitafuta kosa, asilione. "Ulizaliwa kwa kazi hii," akasema. Niliruka kwa furaha. Hadi leo sifa ile inaniuma.

Zilibaki kadi mbili. Jumamosi ya tatu zote mbili zilikuwa hapo mezani kwa fundi, na pesa nilizokuwa nazo zilizitosha. Lingekuwa jambo la dakika kumi. Lakini nilimwambia fundi aiweke ile kadi ya picha kwenye mashine yake nione. Akaiweka, akawasha mchezo. Wachezaji walikuwa kama punje za mahindi zilizolowa, wakijikokota kwenye nyasi rangi ya uji wa wimbi. Mpira ukipigwa unaonekana huku, halafu unaonekana kule, katikati haupo.

"Ndiyo hii?"

"Inafanya kazi, madam."

Kando kulikuwa na mashine ya mteja mwingine iliyoletwa kutengenezwa. Fundi, masikini, kwa kutaka tu kunifurahisha, akanionyesha mchezo uleule humo. Uwanja ulikuwa wa kijani kibichi wenye mistari ya nyasi iliyokatwa. Jezi zilikuwa na nambari. Hata vivuli vya watu vilikuwepo, vikiwafuata miguuni. Nikauliza kadi ile ni bei gani. Ilikuwa karibu bei ya hizo mbili pamoja, na hakuwa nayo, lakini mzigo ungefika kutoka Nairobi wiki kesho.

Nilisimama pale nikiwaza, na nakumbuka nilichowaza, neno kwa neno. Niliwaza kwamba mpira mtu huutazama. Sauti inaweza kungoja mpaka mshahara mwingine. Mimi ndiye niliyewaza hivyo, mimi niliyekulia kwenye boma ambalo mpira wa kimataifa ulikuwa redio juu ya kiti na wanaume kumi wameinamisha vichwa kuizunguka, wakiruka kwa goli ambalo hakuna aliyeliona. Nilitoa kalamu nikaikata kadi ya sauti kwenye ile karatasi. Nikamwachia fundi malipo ya kadi nzuri, nikarudi nyumbani, nikamwambia kaka kwamba kadi zote ziko njiani. Sikumwambia nimebadilisha. Nilitaka siku ya kuwasha ashangae.

Wiki kesho ikaja na mvua. Waliokuwa watu wazima mwaka ule wanaijua mvua ninayoisema. Sisi wa Kakamega hatuogopi mvua, kwetu ni mgeni wa kila alasiri na huondoka jioni kwa adabu, lakini ile iliingia ikakaa. "Barabara imekatika, madam," fundi aliniambia. "Daraja imeenda na maji." Wiki iliyofuata akaniambia lori limekwama. Iliyofuata aliniangalia tu. Pesa zangu alikuwa tayari kunirudishia, na kila mara alikuwa akiniambia, kwa upole wake ule, kwamba ile kadi ya zamani bado ipo.

Kaka naye alikuwa akiniuliza kila jioni, "Umeleta?" Vipande saba vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta, vimefunikwa kanga ya mama.

"Chukua ile iko huko," aliniambia nilipomweleza kwamba ninangojea kadi ya picha iliyo bora. "Picha ni picha."

"Ngoja kidogo tu. Nataka ikiwaka, iwake vizuri."

"Wewe na kuchagua. Nani atakuoa?"

"Mtu aliyekamilika."

"Basi hautatoka hii boma."

Tukacheka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunasema hivyo tangu utoto, na nilikuwa nikisema hata mimi, kuhusu watu wengine.

Mwezi wa kumi na moja alianza kupunga mkono mbele ya uso. Nikamuuliza anafukuza nini. Akasema kuna vidudu vidogo vinaruka. Hapakuwa na vidudu. Baada ya siku kadhaa nilimwona akishika gazeti upande, amegeuza kichwa kama kuku anayetazama punje. Kisha, jioni moja, saa kumi, mwanga bado umejaa nyumba, akaniuliza kwa nini hatujawasha taa. Nilimwambia ni mawingu. Niliwasha taa, naye akasema, "Ehe, afadhali," na nilijua ananidanganya kama nilivyomdanganya. Tulimpeleka kwa daktari, akammulika macho kwa kitochi kidogo, halafu akaniita kando akaniambia kwamba ugonjwa umefika huko, na dawa yake haikuwa kitu ambacho watu kama sisi wangeweza kupata. Krismasi ilipofika alikuwa anatofautisha mchana na usiku, basi.

Kadi ilifika Januari, siku ya jua kali, barabara zimekauka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipoipokea mkononi sikuweza hata kuikagua. Fundi aliuliza mgonjwa anaendeleaje, nikasema vizuri. Nilikuwa na hasira na yeye, na mvua, na daktari. Nilikuwa na hasira na kila mtu isipokuwa yule aliyestahili.

Niliificha kwa siku tatu. Kaka ndiye aliyeinusa. "Imekuja," akasema. "Leo umeingia bila kusema ngoja." Akaniambia nilete bisibisi.

Aliiunda mwenyewe, karibu yote, kwa vidole. Nilivuta waya wa stima kutoka nyumba kubwa mpaka simba, nikamkalisha kwenye mkeka, naye akaanza. Prosesa aliigusa pembe zake nne akajua inakaa upande gani. Memori zile pacha alizisukuma zikalia klik, klik. Skrubu alizishika mdomoni. Mikono ile ilikuwa imekonda mpaka unaweza kuhesabu kila kifundo, lakini haikukosea mara moja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini. Ilipofika zamu ya kadi nikamwambia, "Hizi acha niweke mimi, nami nijifunze." Akacheka akasogea. Niliweka moja, nikafunga kasha haraka.

Ikawaka mara ya kwanza. Mchezo ukafunguka. Ilikuwa picha nzuri kuliko ile ya kwa fundi. Kijani kile, mistari ya nyasi, jezi nyekundu na jezi nyeupe, vivuli. Kaka alikuwa ameketi kando yangu ameielekezea skrini sikio.

"Imeanza?"

"Imeanza."

Akangoja. "Umezima spika?"

"Spika hazijafika," nikasema. "Zimebaki Nairobi."

"Sawa," akasema. "Basi nitangazie."

Kwa hiyo nikawa mtangazaji. Mimi nisiyejua kuotea ni nini mpaka leo. Vitufe vya mishale vya kumkimbiza mchezaji nilivishika mimi, na kwenye kitufe cha kupiga nilimwekea yeye kidole, nikawa nasema anaenda, anaenda, amempita mmoja, amempita wa pili, piga! Naye anapiga. Mara nyingi mpira ulienda kwa watazamaji. Lakini mara ya saba au ya nane uliingia, nikapiga kelele ya uwanja mzima kwa koo langu mwenyewe, na kaka akainua mikono yote miwili juu. Nje nilimsikia mama akicheka huku akikamua. Tulicheza hivyo jioni nyingi, kama wiki tatu. Kama ningeambiwa nichague jioni za kurudishiwa maishani mwangu, ningechagua hizo, na bado ningeona aibu kuzichagua.

Kwa sababu haikudumu. Jioni moja, tunajiandaa kuanza, waya wa skrini ulilegea, na kabla sijainuka alikuwa amenyoosha mkono nyuma ya kasha kuukaza. Akaukaza. Halafu vidole havikurudi. Viliendelea kuteremka polepole kwenye matundu ya nyuma, mahali kadi zinapotokeza. Moja ilikuwepo. Chini yake kifuniko cha bati. Chini yake kifuniko. Chini yake kifuniko.

"Ilikuwa ikae hapa," akasema.

Niliushika waya aliokwisha kuukaza, nikaukaza tena.

"Uliitoa kwenye karatasi lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Kabla ya macho."

"Kabla."

Mkono wake ulikaa palepale kwenye bati. "Basi haukujua," akasema.

Hilo ndilo alilosema, na lilikuwa msamaha, mtoto mdogo angeliona kwamba ni msamaha. Mimi nikawaka. Nilimwambia nilitaka apate kitu kizuri kwa mara moja maishani, si takataka, kwamba kila mtu katika nyumba hii anaridhika na takataka, kwamba angenieleza sawasawa kama sauti ilikuwa muhimu hivyo.

"Nilipiga mistari mbili," akasema kwa sauti ya chini.

Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya jiko. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba nilirudi nikamwomba radhi usiku huo. Sikurudi.

Mshahara uliofuata nilikwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Ile kadi ya sauti ilikuwa bado mezani kwa fundi, mahali palepale nilipoiacha mwezi wa kumi, imepata vumbi. Nilitoa pesa nikainyanyua nikaitia mfukoni, na spika zake ndogo mbili chini ya kwapa. "Hukagui leo, madam?" akauliza. Nikamwambia leo sikagui.

Niliichomeka Jumapili, kaka amelala, hana tena nguvu za kuketi. Nilipowasha, umati uliingia ndani ya ile simba kwa mara moja. Maelfu ya watu, wakiimba, wakipuliza filimbi, wakishusha pumzi pamoja mpira ukikosa. Kaka alijikokota akaegemea ukuta. Aliweka kiganja mdomoni.

"Hao watu wote," akasema. "Hao watu wote!"

Tangu siku hiyo hakutaka tena nitangaze, wala kidole chake hakikuweza kitufe. Alinifundisha kuiamuru mashine icheze yenyewe pande zote mbili, mechi ikiisha ianze nyingine. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini alikuwa akiniambia, "Niachie watu." Nilimwachia watu, spika nimezipunguza na kuzisogeza karibu na mto, na siku nzima akalala akisikiliza mpira usiochezwa na mtu. Mama alisema alikuwa anatabasamu. Alisema mara nyingine alikuwa anamtukana refa.

Alifariki mwezi wa tatu, siku ya Jumatano, mama akiwa amekwenda kuchota maji. Mtu aliyetumwa kwa baiskeli alinikuta ofisini, na tulifika naye nyumbani inakaribia saa sita. Kabla sijaingia langoni nilisikia umati ukishangilia. Si ile sauti ya chini niliyoiacha. Ulikuwa unanguruma, barabara nzima inasikia. Wanawake wa jirani walikuwa wamekusanyika uani, wamefunga leso kiunoni, midomo imefunguka, wanalia kama tunavyolia kwetu, kwa koo lote, na sikuweza kusikia hata mmoja wao. Mmoja alikuwa amejaribu kuipunguza, akazungusha kifundo cha spika upande mwingine, akaruka nje akiwa ameshika kifua, na baada yake hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nilipenya mpaka ndani. Mama alikuwa ameketi kitandani. Kwetu mama haketi kwenye kitanda cha mwanawe aliyekwisha kutahiriwa, ni mwiko ambao hata wakati wa ugonjwa hakuuvunja, alimlisha akiwa kwenye kigoda. Sasa alikuwa amekaa hapo katikati, kichwa cha kaka mapajani. Midomo yake ilikuwa inasogea. Niliinama karibu kabisa ndipo nikapata anachosema.

"Mlinikataza kuvuta waya," aliniambia. "Mlisema ikivutwa ikiwa inatembea, itakufa."

Kweli tulimkataza. Tulimwambia hivyo siku ileile tulipoiwasha, tukimcheka kidogo, kaka akiongeza kwamba mashine huzimwa na mwenye kuijua. Kwa hiyo alikuwa amekaa muda wa saa mbili na mwanawe aliyekufa, watu elfu wakimshangilia sikioni, kwa sababu hakutaka kuharibu kitu chetu.

Nilijua namna ya kuizima. Ni vitufe vitatu, halafu inauliza kama una hakika, halafu unajibu ndiyo. Kwenye skrini nyasi zilikuwa kijani kibichi, na mechi ilikuwa imebakisha dakika chache. Nilikwenda ukutani nikashika waya kwa mikono miwili nikaung'oa.

Ndipo nilipomsikia mama. Alikuwa analia, kwa nguvu, na alikuwa amelia hivyo tangu saa nne.